Nilimwita mwanangu maji ya kapu

Mpenzi msomaji, kisa hiki kilianza na samaki wa shilingi 300. Nilikuwa narudi Nakuru kutoka Nairobi, na gari liliposimama Naivasha nikafungua dirisha na kununua samaki mmoja mnene aliyekuwa bado anameremeta. Sisi tuliozoea ngege na mbuta, tukiona samaki mwenye magamba makubwa kama sarafu na vijisharubu kando ya mdomo, husitasita kwanza. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akiuza, "Huyu ni nani tena?"

"Huyu ni kapu, mama," akanijibu. "Wala si lile la kwendea sokoni!"

Abiria wakaangua kicheko, nami nikalipa. Baadaye nilikuja kujua kwamba samaki huyo si mwenyeji wa Ziwa Naivasha. Aliingia humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haukupita muda mrefu akawa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi wa pale. Lakini siku hiyo mawazo yangu yalikuwa kwenye chakula cha jioni tu.

Nilipokuwa nikimpaa magamba jikoni, kitindamimba wangu, mvulana wa miaka 10, aliingia kutafuta maji ya kunywa. Akamwona samaki kwenye karai, akamaka.

"Mama! Huyu ni Magikarp! Tazama sharubu zake!"

Masikioni mwangu neno hilo lilisikika kama "maji kapu". Nikamwuliza maji gani hayo yanayotekwa kwa kapu. Akacheka, akakimbia chumbani, akarudi na kile kijisanduku cha michezo ambacho mjomba wake alimletea kutoka Dubai, mtumba uliokwaruzika kila pembe. Kwenye kioo chake kidogo nikaonyeshwa samaki mwenye macho ya mviringo kama sahani, sharubu mbili, na pezi la mgongoni lililochongoka mfano wa taji. Kweli alifanana na yule wa kwenye karai, ila wangu alikuwa na haya kidogo usoni.

"Anafanya nini huyu?" nikauliza.

"Anarukaruka."

"Kisha?"

"Basi. Anarukaruka tu. Hawezi kupigana."

Hebu nikueleze, msomaji, maana huenda nawe una mtoto anayeinamia kioo kutwa na hujui anatazama nini. Mchezo wenyewe huitwa Pokémon. Mchezaji huzunguka nchi ya kubuni akinasa viumbe wa ajabu, akiwafunza, kisha akiwapambanisha na viumbe wa wengine. Kila kiumbe hupanda ngazi kwa kadiri anavyopata uzoefu wa mapambano, na wengi wao, wakifika ngazi fulani, hubadilika umbo na kuwa wakubwa zaidi. Michezo miwili ya kwanza ilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, ikiwa na viumbe 151. Miongoni mwa hao wote, huyu Magikarp ndiye aliyefanywa kuwa kichekesho. Wengine hutema moto, hupiga radi au huachilia sumu. Yeye hurukaruka, na kuruka kwake hakumdhuru yeyote.

Mwanangu alinieleza pia kwamba mwanzoni mwa mchezo kuna mtu mmoja mjanja aliyekaa karibu na mlima, ambaye humnong'oneza mchezaji kuwa ana kitu cha siri cha kumwuzia kwa pesa 500. Ukishalipa, unakabidhiwa Magikarp, na ukilalamika hurudishiwi hata ndururu. Mbele kidogo unapewa ndoana duni, na kila ukiitupa majini, ni Magikarp huyo huyo anayenasa. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilifikiri juu ya wale wanaotuuzia saa za dhahabu kwenye vituo vya magari, ambazo dhahabu yake hutoka kwa jasho la siku ya kwanza.

Laiti kicheko changu kingeishia hapo.

Juma lililofuata shule zilifungwa, na mwanangu akaja na ripoti yake. Siku hizi, kama ujuavyo, watoto wetu hawapangwi kwa nambari kama tulivyopangwa sisi. Badala yake huandikiwa kama wamezidisha matarajio, wamefikia, wanakaribia, au wako mbali nayo. Wakuu waliobuni mpango huu walitaka mtoto asione haya. Lakini mzazi akitafuta la kumwonea haya mwanawe hakosi. Ripoti ile ilikuwa imejaa "mbali na matarajio" kuanzia juu hadi chini, isipokuwa kwenye sanaa. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kwamba kijana ni mtulivu.

Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, karo ya dada yake wa sekondari ikiniumiza kichwa. Nilimtazama akiwa ameketi na kijisanduku chake mapajani, hasira zikanipanda. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani ulimi ungekatika.

"Kumbe hata wewe ni maji kapu! Kukusomesha wewe ni kuteka maji kwa kapu. Kazi yako ni kurukaruka tu kama huyo samaki wako!"

Hakulia. Laiti angalilia. Alizima kijisanduku, akakiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kulala kabla ya chakula. Dada yake alinitazama kwa jicho ambalo mtoto hapaswi kumtazamia mzazi, nami sikuwa na la kumkemea.

Siku tatu nzima kijana alinijibu kwa "ndiyo, mama" na "la, mama". Siku ya nne ndugu yangu, yule mjomba wa Dubai, akapiga simu kutujulia hali. Nikamsimulia yote, nikitarajia aniunge mkono. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Dada, wajua huyo samaki akifika ngazi ya 20 huwa nini?"

Sikujua.

"Huwa joka. Joka kubwa la kuogofya, refu kupita nyumba yako. Linaitwa Gyarados. Mtoto wako anajua. Ndiyo maana anamfuga."

Nikashtuka kwa sababu nyingine. Sisi tuliolelewa kwenye shule ya Jumapili tukisikia joka tunamfikiria yule wa kitabu cha Ufunuo, na kama wazazi wengi nimewahi kusikia kwamba michezo hii ni ya kishetani. Nikamwuliza kwa nini anamletea mtoto wangu majoka. Akacheka, akaniambia nisome kwanza ndipo nihukumu. Basi nikasoma, msomaji, usiku baada ya usiku watoto walipolala, na yale niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nikuandikie leo.

Joka la Wachina silo lile la Ufunuo. Kwao joka huleta mvua, hutawala mito, na kwa karne nyingi lilikuwa alama ya mfalme wao. Nao wana ngano ya kale sana kuhusu mto wao mkuu, Huang He, yaani Mto wa Manjano. Mahali fulani mto huo hupenya kwenye bonde jembamba lenye kuta za mawe, mahali paitwapo Longmen, maana yake Lango la Joka. Inasimuliwa kwamba kila mwaka samaki aina ya kapu hupanda mto wakishindana na mkondo mkali hadi kufika chini ya lango hilo. Hapo hujaribu kuruka. Wengi hushindwa. Yule anayefaulu kuruka lango, hapo hapo hugeuka joka na kupaa mawinguni.

Sasa tazama tena yule samaki wa mwanangu. Kwa Kijapani haitwi Magikarp, bali Koikingu, yaani mfalme wa kapu, kwa kuwa Wajapani humwita samaki huyu koi. Hilo jina la Magikarp alipewa baadaye kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Lile taji mgongoni ni la ufalme wake. Na kule kurukaruka kusikofaa kitu, ambako mimi nilikucheka, ni kule kuruka kwa kwenye ngano. Samaki wa mchezo anaruka kwa sababu samaki wa Huang He aliruka. Tofauti ni kwamba huyu hana lango mbele yake. Na kwa yeyote mwenye shaka, mwaka 1999 ulitoka mchezo mwingine wa Pokémon, wa kupiga picha, ambamo mchezaji akifaulu kumsukuma Magikarp hadi kwenye maporomoko ya maji, joka huibuka kutoka humo kwa kishindo. Mwaka 2017 ukatoka mwingine wa simu ambao kazi yake yote ni kumlea Magikarp ili aruke juu zaidi.

Wajapani waliipokea ngano hii kutoka China zamani za kale na wakaifanya yao. Kila tarehe 5 Mei, ambayo tangu 1948 ni Siku ya Watoto nchini humo, familia huinua mlingoti na kupandisha juu yake mifuko mirefu ya nguo yenye umbo la koi. Upepo ukiingia mdomoni, samaki hao huvimba na kupepea kana kwamba wanapanda mto. Zamani desturi hiyo ilikuwa ya watoto wa kiume, na ombi lake ni kwamba mtoto awe na nguvu ya kupambana na mkondo. Hata wale koi wa rangirangi ambao matajiri wa dunia hununua kwa mamilioni walitoka kwa watu wa chini: ni wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata waliokuwa wakifuga kapu kwa kitoweo, na katika karne ya 19 wakaanza kuwachagua na kuwazalisha wale waliozaliwa na mabaka mekundu na meupe.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki. Wachina walikuwa na mitihani ya kuwachagua maafisa wa serikali, mitihani iliyodumu yapata miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka 1905. Vijana walikesha wakikariri vitabu. Wengine walifanya mtihani huo tena na tena hadi nywele zikawa mvi. Aliyefaulu ilisemwa ameruka Lango la Joka. Na aliyeshindwa je? Katika ngano, samaki aliyeshindwa kuruka hujigonga mwambani, akarudi chini akiwa na alama kwenye paji la uso. Basi aliyeanguka mtihani naye ilisemwa amerudi na alama ya paji.

Nilipofika hapo nikakifunga nilichokuwa nikisoma. Kumbe ngano ile ilikuwa ya mtihani tangu zamani! Na mimi, mama mzazi, ndiye niliyemtia mwanangu alama ya paji kwa mkono wangu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 10, tena kabla hata hajafika langoni.

Nilipotulia nikarudi kusoma, safari hii kuhusu watu waliotengeneza mchezo huo. Aliyeuasisi anaitwa Satoshi Tajiri. Ndiyo, msomaji, jina lake ni Tajiri, ingawa kwa miaka mingi mfukoni hakuwa na kitu. Alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembeni mwa jiji la Tokyo, wakati kulikuwa bado na mashamba ya mpunga, madimbwi na vichaka. Utotoni alipenda kukusanya wadudu hata wenzake wakampa jina la utani la Daktari wa Wadudu. Kisha mji ukapanuka, madimbwi yakafukiwa, majumba yakajengwa, na wadudu wakatoweka. Mchezo wa Pokémon ulizaliwa na hamu yake ya kuwarudishia watoto wa mjini ile furaha ya kutoka na kutafuta kiumbe usichokijua. Ndiyo maana viumbe wake wengi wana asili unayoweza kuigusa: viwavi, popo, panya, kaa, samaki wa mtoni.

Na shuleni alikuwaje? Alikuwa mtoro. Alipofika ujanani aliacha madarasa akaenda kwenye kumbi za michezo ya video, na wazazi wake walihuzunika wakiona amepotea. Mapema katika miaka ya 1980 akaanza kijarida kilichoandikwa kwa mkono kuhusu michezo hiyo, kijarida kilichomkutanisha na mchoraji Ken Sugimori, ambaye ndiye aliyekuja kutoa sura za viumbe wa mwanzo. Mwaka 1989 kijarida kikageuka kampuni. Kazi ya Pokémon peke yake ilichukua yapata miaka sita, na katika miaka hiyo pesa zilikwisha, wafanyakazi wengine wakaondoka, naye Tajiri hakuchukua mshahara. Aliishi kwa msaada wa baba yake.

Rudia sentensi hiyo, ndugu yangu. Aliishi kwa msaada wa baba yake. Mtu mzima, mtoro wa zamani, akitengeneza mchezo ambao hakuna aliyejua kama ungeuzika, na mzee wake akimlisha. Sijui mzee huyo alisema nini moyoni, lakini hakumfungia mlango.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwanangu alikuwa amelijua siku zote. Watengenezaji wa mchezo waliichukua ngano ya kale, lakini waliibadilisha mahali pamoja pakubwa. Katika ngano samaki ni wengi na wanaofaulu ni wachache, na kila mmoja hupambana peke yake. Katika mchezo hakuna Magikarp aliyehukumiwa kubaki chini. Kila mmoja, akifikishwa ngazi ya 20, huwa joka. Angalia nimesema "akifikishwa". Kwa sababu peke yake hafiki.

Nilimwomba mwanangu anionyeshe. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza vizuri tangu siku ile, naye alianza kwa sauti ya chini, kisha akasahau kwamba amekasirika. Mchezaji hutembea na kikosi cha viumbe sita. Magikarp anayenunuliwa yuko ngazi ya 5 na hana silaha. Basi unamweka mbele ya wote. Adui akitokea, Magikarp anaingia uwanjani kwanza, akionekana tu, halafu unamwondoa upesi kabla hajaumizwa na kumwingiza mwenye nguvu amalize kazi. Adui akishindwa, uzoefu hugawanywa kwa wote wawili, hata kwa yule ambaye hakurusha hata ngumi. Hivyo ndivyo anavyopanda, ngazi baada ya ngazi, akibebwa na wenzake. Akifika ngazi ya 15 ndipo anapojifunza kusukuma kidogo. Kabla ya hapo ni kuruka tu.

"Inachosha sana, mama," akaniambia. "Wengi humwacha."

"Na wewe?"

"Mimi sikumwacha."

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nami nimeusema msemo huo harusini na matangani bila kuufikiri. Walisema pia samaki mkunje angali mbichi, na huo nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili. Nilidhani kelele zangu ndizo kumkunja. Kumbe samaki akikunjwa kwa hasira huvunjika mgongo hata akiwa mbichi.

Lakini usidhani kisa kinaishia kwenye joka na vigelegele. Kuna jambo ambalo mjomba hakuniambia kwenye simu. Joka hilo la Gyarados si la upole. Maelezo yaliyomo ndani ya mchezo yanasema kwamba likikasirika huweza kuteketeza miji mizima. Samaki aliyechekwa na kila mtu, aliyepigwa asiweze kujibu, akipata nguvu hupata na ghadhabu. Waliomchora walimpa kinywa kilichoachama na macho ya kinyongo. Katika michezo ya 1999 kuna hata ziwa liitwalo Ziwa la Hasira, ambamo genge la wahalifu liliwalazimisha kina Magikarp kugeuka majoka kabla ya wakati wao kwa kutumia mawimbi ya redio. Gyarados wa kawaida huwa buluu. Yule wa ziwani akatoka mwekundu vilevile kama alipokuwa samaki, mkubwa wa mwili lakini hajakamilika, akivuruga maji.

Mwanangu aliponisimulia hilo nilinyamaza kimya. Nilikuwa tayari nimeshaulizia masomo ya ziada ya likizo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Nilikuwa nimetenga hata pesa. Nilimfikiria akitoka huko amejazwa majibu, amefaulu pengine, lakini ameshikilia moyoni yale maneno ya mama yake. Nimewaona watu wazima wa namna hiyo, nawe umewaona. Wana vyeo, wana magari, na wazazi wao kule mashambani hawajui sauti zao. Watu husema ni ukosefu wa shukrani. Huenda kwa wengine ndivyo. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na wakati mwingine mwiba ule tuliuchoma sisi wenyewe.

Nilimwomba msamaha. Haikuwa rahisi, kwa kuwa sisi hatukulelewa tukiombwa msamaha na wazazi wetu. Nilimwambia kwamba yale maneno yalikuwa maovu, na kwamba ni mimi niliyekosea, wala si yeye. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama anaweza kurudishiwa kijisanduku chake.

Zile pesa za masomo ya ziada hatukuzitumia zote. Tulipanga jambo dogo: kila jioni, nusu saa, dada yake aketi naye kwenye hesabu, na mimi nimsomee hadithi kisha anisomee. Siku ya kwanza dada yake alinung'unika. Nikamweleza habari ya yule kiumbe mwenye nguvu anayemalizia kazi huku mdogo akipata uzoefu. Akaona haya, akacheka, akakubali. Tulipoanza ndipo tukagundua kwamba kijana hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amekwama kwenye kugawanya tangu miaka miwili nyuma, na kila somo lililofuata lilijengwa juu ya shimo hilo. Hakuna aliyemwuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye, kwa utulivu ule aliousifia mwalimu, hakusema.

Sitaki kukudanganya, mpenzi msomaji, eti amekuwa wa kwanza. Ripoti iliyofuata ilikuwa bado na "mbali na matarajio" mara nne. Lakini kwenye hesabu palikuwa pameandikwa "kukaribia matarajio". Niliibandika ukutani karibu na jiko, na mjomba wake alipotumiwa picha yake alipiga ukelele simuni kama aliyefungiwa bao na timu yake.

Jioni moja hivi karibuni nilimkuta tena na kijisanduku. Nikaketi karibu naye, kwa kuwa siku hizi mimi pia ni mtaalamu. Nikaona kwenye kikosi chake kuna Gyarados mmoja, mkubwa, wa buluu. Kando yake kulikuwa na Magikarp. Nikatazama ngazi yake. Ilikuwa 37.

"Huyu mbona hajageuka?" nikauliza. "Si huwa ni 20?"

"Kuna kidude cha kubonyeza anapotaka kugeuka," akanijibu bila kuinua kichwa. "Ukibonyeza, anabaki alivyo."

"Na kwa nini umzuie? Hutaki awe joka?"

Akafikiri kidogo.

"Joka tayari ninalo, mama. Huyu nampenda hivi hivi."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya Huang He, Lango la Joka na mitihani ya miaka 1,300. Sikusema neno. Niliinuka, nikaenda jikoni kupika, kwa maana siku hiyo nilikuwa nimepitia tena Naivasha.